KUTUPA SI KUACHA



Imezuka desturi katika shule moja ya jiji hili la Kigali, shule ambayo hatutaitaja jina, nasi twasikia kuwa majirani zake wanataka kuiiga. Twaona wakati umefika wa kuipinga kwa maandishi, maana kuipinga kwa mdomo katika chumba cha walimu tumeshindwa.

Desturi yenyewe ni hii. Mwisho wa muhula, katika wiki ya usafi, kila mwanafunzi hutakiwa kuja na kichezeo kimoja kikuukuu cha plastiki kutoka kwao, akitie katika pipa la taka mbele ya wenzake, kisha akae aandike insha ya Kiswahili juu ya "Kitu Nilichokiacha". Mwalimu wa usafi hupata pipa lililojaa, mwalimu wa Kiswahili hupata insha arobaini za kusahihisha, na mwalimu mkuu hupata picha ya kubandika ukutani. Kila mtu hufurahi.

Sisi tulifurahi pia. Hapana faida ya kuficha: tulikuwa miongoni mwa waliolibuni zoezi hili, na kichwa cha insha tulikitunga sisi wenyewe. Kwa hiyo asidhani msomaji kuwa tumekuja hapa kuwashitaki wengine tu. Tunayoyapinga leo tuliyatenda kwa mikono yetu, na mkono mmoja hasa ndio uliotuleta kwenye makala haya.

Katika darasa la tano alikuwamo binti wa miaka kumi, mkaaji wa upande wa Biryogo. Siku hiyo alikuja na mwanasesere wa plastiki, wa aina ile iuzwayo katika vibanda vya karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Mkono mmoja haukuwapo, nywele zilikuwa zimeshikamana kama kitambaa kilicholowa gundi, na jicho la kushoto lilikuwa halifumbi tena alazwapo chali. Binti alipofika mbele ya pipa akasimama. Tukamwambia, "Haya mwanangu, tia." Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba nirudi naye." Darasa likacheka. Nasi, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia na watoto wapatao kumi na watano walikuwa wangali wamejipanga nyuma yake, tukamtwaa mwanasesere mkononi mwake tukamtupa pipani.

Walimu wa sarufi watakuwa wameona jambo. Mtoto hakusema "nirudi nacho", kama tulivyomfundisha juu ya kichezeo. Alisema "nirudi naye". Sisi tuliosomea ngeli hatukulisikia mpaka usiku.

Asubuhi iliyofuata alikuja bibi yake, kajitanda kanga, na Kiswahili chake ni kile cha Biryogo ya zamani, chenye adabu hata katika hasira. Alitusalimia, akatuuliza hali ya nyumbani, ndipo akasema, "Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza gari la taka hupita hapa siku gani." Gari lilikuwa limekwisha kupita alfajiri ileile. Akakaa kimya kidogo, kisha akatueleza. Mama wa mtoto aliondoka miaka mitatu iliyopita kwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani. Jioni ya safari, basi la Kampala likiwa tayari linaunguruma, alikimbia kumnunulia bintiye mwanasesere kwa faranga elfu moja na mia tano, bila hata kupatana bei kwa kuwa hapakuwa na wakati. Mama huyo bado hajarudi. Anapiga simu, fedha huleta, lakini hajarudi.

Taka za Kigali huishia Nduba, katika Wilaya ya Gasabo, tangu mwaka 2012 lilipofungwa jaa la Nyanza kule Kicukiro. Bibi alituuliza basi la kwenda Nduba hupandwa wapi. Tulimweleza. Sisi wenyewe hatukwenda. Tulisema moyoni kuwa ni upuuzi kumtafuta mwanasesere mmoja katika kilima cha taka za mji mzima, na huenda ni upuuzi kweli. Lakini hatukupata usingizi mzuri kwa ajili ya busara hiyo.

Sasa tuzitazame hoja za wenzetu, maana tangu siku ile tumezisikia zote, na baadhi tulikuwa tukizisema sisi kwanza.

Hoja ya kwanza ni usafi. Hapana Mnyarwanda mwenye akili timamu atakayeusema vibaya usafi. Sheria ya mwaka 2008 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki katika nchi yetu wakati majirani wengi walikuwa wangali wakiiona inaning'inia mitini kama matunda. Mwaka huohuo jiji letu lilipewa tuzo ya heshima na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na majembe na mafyekeo kwa ajili ya umuganda, na hakuna anayeona haya kushika ufagio. Yote haya tunajivunia. Lakini sheria ile ya 2008 ilihusu mifuko, na ile ya 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vitumikavyo mara moja. Mwanasesere aliyelaliwa na mtoto kila usiku kwa miaka mitatu hawezi kuitwa kitu kitumikacho mara moja. Tena, plastiki iliyotupwa pipani haikutoweka duniani. Imehama tu kutoka Biryogo kwenda Nduba. Kichezeo kilicho chini ya mto wa mtoto hakiuchafui Mto Nyabugogo. Kama tunataka kupunguza plastiki, tuwaambie wakubwa wasinunue, tusiwanyang'anye wadogo walichokwisha kupewa.

Hoja ya pili husemwa kwa kicheko: "Lakini, Mwalimu, kitu chenyewe ni cha faranga elfu moja na mia tano!" Hoja hii ndiyo inayotukera kuliko zote, kwa sababu inatoka katika vinywa vya walimu wa lugha. Tunawafundisha wanafunzi kuwa bei na thamani si neno moja, tunawapa alama kwa kuvitofautisha, kisha sisi wenyewe tunavichanganya mbele ya pipa. Bei humwuliza muuzaji. Thamani humwuliza mwenye kitu.

Na vitu vya bei ndogo si vitu vidogo, hata katika mambo ya serikali. Chukueni mitumba. Watu wa Kigali huiita caguwa, neno lililotokana na "chagua" letu, kwa kuwa mnunuzi huinama juu ya rundo akachagua. Mwaka 2016, baada ya wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kukubaliana kuipunguza, Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ikakasirika, na Julai 2018 ikaziondolea nguo zitokazo Rwanda nafuu ya kuingia kwake bila ushuru. Serikali mbili, moja kubwa sana, zilibishana miaka miwili juu ya mashati yaliyokwisha kuvaliwa. Hapana aliyesimama akasema kuwa hayo ni makorokoro. Basi kwa nini heshima ya mtoto juu ya kitu chake ionekane mzaha?

Hoja ya tatu ni ya ukakamavu. Husemwa kuwa mtoto wa darasa la tano amekua, kwamba hana budi kuachana na vya kitoto, na kwamba mwalimu mzuri humsaidia kuvuka. Nasi twakubali kuwa hana budi kuvuka. Tulipokuwa chuoni tukisomea stashahada ya ualimu, tulisomeshwa kidogo habari za Donald Winnicott, daktari Mwingereza aliyewatibu watoto kwa miaka mingi mjini London. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1953 alieleza juu ya kile kitambaa au kidubwasha ambacho mtoto mdogo hukikumbatia, akilala nacho na kusafiri nacho, na ambacho mama hujua kuwa hata kukifua ni hatari. Alisema kuwa kitu hicho kisibadilishwe na yeyote ila mtoto mwenyewe. Na kwamba, mtoto akiachwa, siku moja hukiweka kando bila kukisahau na bila kukililia, kwa kuwa kimekwisha kazi yake. Ni kweli aliandika hasa juu ya watoto wadogo kuliko binti yetu. Lakini mtoto ambaye mama yake yuko ng'ambo ya bahari hapimwi kwa cheti cha kuzaliwa peke yake. Tulichokifanya hakikumvusha popote. Tulivunja daraja angali yuko katikati, tukamsifu kwa kuogelea.

Hoja ya nne ni yetu, walimu wa Kiswahili, nayo ndiyo ya aibu. Tulisema zoezi hili linazaa insha nzuri. Tumezirudia kuzisoma zile insha thelathini na tisa zilizoandikwa. Karibu zote zinasema jambo moja: nilikuwa na kichezeo, kilichakaa, kilikuwa kichafu, nilikitupa, nilifurahi sana. Upatanisho wa kisarufi ni safi, herufi kubwa ziko mahali pake, na hapana sentensi moja ambayo mtoto ameisema kwa moyo wake. Tumewafundisha kusema uongo kwa ngeli sahihi.

Hata kichwa tulichokitunga kilikuwa na kosa, na ni kosa la lugha. Kutupa si kuacha. Tunatupa maganda ya ndizi. Tunaacha shule, tunaacha pombe, tunaacha mtoto kwa bibi yake, na katika kila kuacha pana mtu anayejua anachokiacha na anayeweza kugeuka kutazama nyuma. Kuna tena kuaga, kuna kuachia, kuna kuachana, ambako pande mbili zote zina neno la kusema. Lugha yetu haikuumba maneno haya yote kwa kupenda wingi. Na zaidi ya hapo, Kiswahili kina njia ya kumtaja yule ambaye jambo limemwangukia bila yeye kulitenda: mtu hufiwa, huibiwa, huvunjiwa, huunguliwa na nyumba. Binti yule alitupiwa mwanasesere wake, nasi tukamlazimisha aandike chini ya kichwa kisemacho kuwa alimwacha. Mwalimu akimpa mwanafunzi kitenzi kisicho chake, mwanafunzi atafanya nini ila kunyamaza?

Tuseme neno pia juu ya methali. Kila mwanafunzi wetu huikariri ile isemayo "usiache mbachao kwa msala upitao". Tumeuliza madarasa manne mbacha ni nini, hapana aliyejua. Walidhani ni jina la mtu. Mbacha ni mkeka uliochakaa, uliokatika kingo, ambao mwenyewe huukalia kwa kuwa ni wake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa tangu mwaka 2017, vitabu vimeongezeka, mitihani imeongezeka, na methali zinakaririwa kama namba za simu. Siku ile mbacha ulikuwa mkononi mwa mtoto mbele ya macho yetu. Somo lilikuwa limejileta lenyewe, nasi tukalitia katika pipa.

Iko hoja moja ambayo tungependa tusiiseme, lakini kuikwepa mtu anayeandika kutoka Kigali itakuwa woga. Kule Gisozi, katika makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyofunguliwa mwaka 2004, kuna vyumba vya watoto. Mna picha kubwa za watoto waliouawa, na chini ya kila picha habari chache zilizotolewa na jamaa waliosalia: umri wake, chakula alichokipenda, rafiki yake, mchezo wake. Chini ya picha moja ya ndugu wawili wa kike pametajwa kichezeo chao: mwanasesere mmoja, waliyemchezea pamoja. Wale waliotafuta neno la kumtambulisha mtoto kwa wageni wa dunia nzima hawakutafuta kitu cha thamani kubwa dukani. Na kule Nyamata, nguo za waliouawa kanisani zimewekwa juu ya mabenchi, nguo za kawaida kabisa, na hapana anayethubutu kuziita matambara.

Tusieleweke vibaya. Hatulinganishi pipa la shule na mambo hayo. Mungu apishe mbali. Tunasema hivi tu: sisi ni watu wa nchi ambayo nyumba nyingi hazikubakiwa hata na kijiko, hata na picha moja. Wako wenzetu wa umri wetu ambao wangetoa shamba zima wapate kiatu kimoja cha mama zao. Kama kuna mji ulimwenguni ambamo mwalimu hapaswi kutia mkono kwa haraka katika kitu kikuukuu cha mtoto, basi ni huu.

Huko Sarajevo, mji uliozingirwa kwa vita kati ya mwaka 1992 na 1996, watu waliokuwa watoto wakati ule wameanzisha makumbusho ya utoto wa vitani, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Vimejaa humo vitu vya ovyo: vichezeo, daftari, makasha ya chakula cha msaada. Kila kitu kimetolewa na mwenyewe, na kando yake yamewekwa maneno ya mwenyewe. Watu hao wameachana na vitu vyao, naam, na wengine walikuwa wamevishika zaidi ya miaka ishirini. Lakini waliambiwa waseme kwanza, na waliotaka kubaki navyo walibaki navyo. Hilo ndilo tulilolikosa sisi. Tuliomba kitu, hatukuomba habari yake.

Hapo tunajua tutaulizwa: je, nyumba zetu zijazwe makorokoro? Hapana. Sisi nasi tulikuwa na korokoro letu, na tumeachana nalo mwaka huu.

Tulizaliwa Mwese, katika nyanda za juu za Mpanda, Tanzania, walikokaa wakimbizi wa Kinyarwanda tangu miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu, hata sabuni ya kufulia ilipangiwa foleni, seuze kichezeo. Vichezeo vyetu vilikuwa magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Kisha likaja rais mpya, mzee Mwinyi, na ile enzi ambayo watu waliiita ya ruksa, na madukani vikaanza kuonekana vitu vya rangi. Siku moja baba alirudi kutoka Mpanda mjini na kigari cha plastiki chekundu, kisicho na uzito wowote, ambacho mlango wake ulichorwa tu. Mwaka 1995, tuliporudi Rwanda kwa treni hadi Tabora na Isaka, kisha kwa lori hadi Rusumo, mizigo ilikuwa ya watu wazima. Kila mtoto aliruhusiwa kitu kimoja. Sisi tulichukua kigari, ingawa tulikuwa tumekwisha kuota ndevu za kwanza na tulikificha ndani ya soksi. Baba alipofariki tulikitia katika kopo la biskuti juu ya kabati. Kilikaa huko miaka mingi. Hatukukitazama, lakini tulijua kipo.

Baada ya mkasa wa mwanasesere tulilishusha kopo lile. Mtoto wetu mdogo wa miaka minne akakiona, akasema, "Baba, hiki cha nani?" Tukajibu, "Cha babu yako alinipa." Akauliza, "Kinakwenda?" Hatukuwa na jibu, tukamwachia ajaribu. Kikaenda. Kilibeba mchanga, kilibeba maharagwe, kililala nje katika mvua za Aprili, kikakanyagwa, kikapasuka. Katika wiki mbili kilikuwa kimekwisha. Tuliumia, hatukatai, tuliumia siku moja na nusu. Gurudumu moja lililosalia sasa ni sarafu katika duka lake la uani, na jana alitununulia nalo "sukari".

Kwa hiyo hatupingi kuachana na vitu. Tunapinga mwalimu kuushika mkono wa mtoto. Zoezi hili lifutwe katika shule yetu na lisiigwe na nyingine. Kama mwalimu anataka insha juu ya kitu kikuukuu, na ni kichwa kizuri sana, amwambie mwanafunzi akilete, akieleze, akirudishe kwao. Aulize nyumbani kwanza, maana bibi hujua mambo ambayo rejista ya darasa haiyajui. Mtoto akitaka kukitoa, atakitoa mwenyewe, kwa mdogo wake au kwa jirani, na hapo ataandika kitenzi chake mwenyewe. Akitaka kubaki nacho mpaka aoe au aolewe, usafi wa Kigali hautaporomoka.

Tulimwomba radhi binti yule mbele ya darasa lilelile lililocheka. Alisema, "Haidhuru, Mwalimu," kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake, nasi tulijua kuwa yadhuru. Insha yake tunayo bado. Ni karatasi moja. Juu pameandikwa jina, tarehe, na kichwa "Kitu Nilichokiacha", ambamo neno la mwisho limekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na chini yake hapana kitu. Mwalimu mkuu ametukumbusha mara mbili kuwa orodha ya alama haijakamilika. Hatujaitia alama.